Mama hutoka nje kila nikiwasha mashine yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa kusuka mota, nina miaka 47, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Feni, pampu za maji, mashine za kusaga, vyote huja kwangu koili zikishaungua. Nina mke na watoto watatu, na mama yangu mzazi tunakaa naye. Hili ninalokuandikia wenzangu kijiweni hulicheka, kwa hiyo naomba jina langu lisitoke.

Nakusanya mashine za zamani za kufyonza vumbi, hizi watu wanaita vakyumu. Ninazo 19, zinazowaka ni 11. Nyumba zetu ni saruji nyekundu na mikeka, ufagio wa chelewa unamaliza kazi, kwa hiyo kila anayechungulia chumba kile huuliza: hizi za nini? Sijawahi kupata jibu la kumridhisha mtu. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na wanaoondoka huacha vitu. Nimezipata kwenye stoo za mashamba ya mkonge njia ya Muheza na Korogwe, kwenye nyumba za Raskazone, na nyingi kwenye mizani ya vyuma chakavu. Electrolux yangu, ile ndefu inayokaa juu ya vyuma viwili na kuburuzwa kama ngalawa mchangani, umbo lililoanza Sweden mwaka 1921, niliikuta imeshapimwa na mtu ameshika nyundo. Niliilipia kwa kilo.

Ikifika kwangu naifungua yote. Mpira wa waya huwa umekauka, ukiugusa unapukutika kama biskuti. Huo nautupa wote, sibakizi hata inchi moja. Shaba ya amecha, kile kiini cha mota kinachozunguka, huwa nyeusi, naizungusha kwenye msasa mwembamba mpaka rangi irudi, kisha nakwangua mifereji ya katikati kwa wembe. Kaboni zake, vile vipande vinavyoigusa shaba na kuipa umeme, hazipatikani hapa, kwa hiyo nachukua za drili kubwa na kuzisugua mpaka ziingie bila kubana. Mifuko ya vumbi mara nyingi imeliwa na panya. Mifuko sita ya kwanza alinishonea mke wangu kwa kitambaa cha marekani, wakati ule tukiwa na mtoto mmoja. Siku mashine inapowaka kwa mara ya kwanza, pumzi inayotoka ina harufu ya nyumba ya mtu usiyemjua. Husimama pale nikainusa. Shangazi, raha hiyo sijui niieleze vipi.

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani, nilichukua Hoover ya kusimama, ile yenye brashi inayopiga zulia, nikaenda kusafisha zulia la msikiti wa mtaani. Zulia lilikuwa limefagiwa asubuhi ileile. Nilipomwaga mfuko kwenye ndoo ulitoka mchanga mweupe, laini kama unga wa muhogo, karibu nusu ndoo. Wazee walikuja mmoja mmoja kutia kidole.

Sasa nije kwenye mashine iliyonifanya niandike. Ni Hoover Constellation, umbo la miaka ya 1950, duara kama mpira. Hewa inayotoka hupitishwa chini yake ikainyanyua, hivyo inaelea. Kwenye saruji iliyopigwa nta unaisukuma kwa kidole kimoja na inakwenda. Hiyo ni ya mama. Alifanya kazi za ndani kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge tangu akiwa na miaka 17, na wenyewe walipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakamwachia. Kwetu hakukuwa na umeme. Ilikaa chini ya kitanda miaka na miaka, mimi nikiwa mtoto nadhani ni bomu. Nilikuja kuifungua nikiwa na miaka 19, na hapo ndipo nilipojua kwamba nataka kuwa fundi wa mota.

Mke wangu ni fundi cherehani, amepata kazi ya kushona sare za shule mbili. Vyerehani vyake vitatu viko barazani, na vuli iliyopita mvua ililowesha jora zima. Anataka chumba cha mashine zangu. Ni haki yake, sibishi. Lakini kuna jingine. Mwaka jana niliagiza mota kwa shilingi 180,000, yeye nikamwambia 40,000. Akaja kuuona ujumbe wa malipo kwenye simu yangu. Hakugomba. Tangu siku hiyo mashine anaziita wake wenzake. "Leo umewapitia wake wenzangu?" ndiyo salamu yangu ya jioni.

Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, anasema ana mnunuzi ng'ambo. Kwa Constellation anatoa 900,000. Kwa zote 18 zilizobaki, 600,000. Kijana wangu wa kwanza anaingia chuo, ada inatakiwa. Mke anasema uza. Nilimwuliza mama, akajibu, "Uza tu mwanangu, mimi sina haja nayo," akaendelea kuchagua mchele. Mkono wangu ndio unaokataa. Naona kama namwuza yeye. Na hata sauti ya mashine hiyo mama siku hizi haiwezi tena, masikio ya uzee: kila nikiiwasha hutoka kwenda kukaa barazani kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, mpaka nizime ndipo arudi. Basi huiwasha akiwa hayupo.

Nikitaka kukubali, namkumbuka aliyeiunda Hoover ya kwanza. Hakuwa Hoover. Alikuwa mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, kule Marekani, James Murray Spangler, mwenye pumu, vumbi la mazulia likimkaba kifua kila siku ya kazi. Akachukua mota ya feni, foronya na mpini wa ufagio, akaunda mashine. Mwaka 1908 akapata hataza yake, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, na mwaka huohuo haki zake zikachukuliwa na William Hoover. Jina lililobaki duniani ni la aliyenunua. Mimi nisije nikawa wa kuuza halafu nikajuta.

Nishauri, Shangazi.

Fundi, Ngamiani


MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya maneno uliyoyapita haraka.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hao wa kijiweni. Mtu anayenunua kwa kilo kitu kilichokuwa chini ya nyundo, akakirudishia pumzi, ana jambo la kheri mkononi mwake. Mji wetu huu wameishi watu wa kila namna, na vitu vyao vingi vimeyeyushwa tusivione tena. Kwamba vipo 19 kwenye chumba kimoja cha Ngamiani, na 11 vinawaka, mimi nimefurahi kulijua hilo.

Unachoniuliza ni kama uiuze mashine ya mama au uibakize. Lakini naona swali hilo limefungwa kamba moja na la mkeo na la ada, na mtu akiyavuta yote kwa pamoja fundo huzidi kukaza. Niruhusu nilegeze kidogo kidogo.

Nianze na mkeo. Unaniandikia kana kwamba yeye na mashine zako ni maadui wa tangu zamani. Wewe mwenyewe umesema alikushonea mifuko sita. Kushona mfuko wa namna ile, unaobana vumbi usilitoe na kuachia hewa ipite, ni kazi ya kukaa na kipimo, kujaribu na kufumua. Mwanamke asiyejali hashoni sita. Kwa hiyo najiuliza: alianza lini kuziita wake wenzake? Ni baada ya ujumbe ule wa simu. Na neno alilochagua si la matusi, baba, ni la hesabu. Mke mwenza ni yule anayechukua usiku wa mumeo na fedha za mumeo, nawe unaambiwa nusu ya habari zake. Amekuonyesha palipomuuma, nawe umesikia utani.

Ukimpa chumba bila kulizungumza hilo, nahofia atapata chumba na ataendelea kuuliza kama umewapitia. Ukilizungumza bila kumpa chumba, ataona umempa maneno. Wapo watu waliofaidika kwa kukaa na wenzao na daftari, wakaandika kila kitu kilichonunuliwa na bei yake ya kweli, hata zile za aibu. Sikufichi kwamba jambo hilo lina hatari. Anaweza kugundua 180,000 haikuwa peke yake, na wiki ya kwanza nyumba ikawa ya moto. Wewe ndiye unayejua mna akiba kiasi gani ya kuvumiliana.

La chumba chenyewe sitalikalia sana. Umesema nane haziwaki. Fundi anajua zipi kati ya hizo ni mashine na zipi ni maganda ya kutolea vipuri, na vipuri vinakaa kwenye rafu moja ya ukutani. Sare za shule zina msimu, na mvua haingoji. Huenda kuna mpango wa nusu kwa nusu ambao nyinyi wawili hamjaukalia kwa sababu kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Kuhusu huyu bwana wa Dar, siwezi kusema ni mwema au si mwema, simjui. Ila angalia hesabu yake. Moja anaitia thamani 900,000, na 18 kwa mkupuo 600,000, yaani kila moja elfu thelathini na kitu, pamoja na Electrolux yako. Mtu wa namna hiyo anajua vizuri anachokitafuta, na bei ya kwanza ya anayejua mara chache huwa ndiyo ya mwisho. Ukiamua kuuza, muulize mnunuzi wake ni nani na yuko wapi, na umtafute mwingine wa kukupa bei ya pili. Usiitoe kwa mali kauli. Fedha iingie kwanza, iwe mbele ya mkeo, ndipo mashine ipakiwe. Na jambo moja ulitazame kwa macho makavu: ada ya mwaka mmoja italipwa na kwisha, mwaka wa pili utadaiwa tena, na ile mashine haitarudi. Hapohapo, kijana aliyekosa nafasi ya chuo naye huwa harudi kirahisi pale alipokuwa. Vyote viwili ni kweli, na hakuna atakayeweza kukupimia ila nyinyi wenye nyumba.

Wewe umeandika kana kwamba njia ni kuuza au kukaa nazo gizani. Ule mchanga wa msikitini umenifikirisha. Nimesoma kidogo baada ya barua yako, na nimekuta kwamba Hubert Cecil Booth, yule Mwingereza aliyeunda mashine yake mwaka 1901, hakuanza kwa kuuza mashine. Aliuza kazi. Mashine ilikuwa kubwa, ikivutwa na farasi, ikisimama barabarani na mipira mirefu kupitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya mfalme Edward VII kutawazwa. Hapa Tanga mazulia hayapo kwenye nyumba zetu nyingi, lakini yapo misikitini, kwenye kumbi za harusi, kwenye ofisi na nyumba za wageni. Mwenye kuona nusu ndoo ya mchanga ikitoka kwenye zulia lililokwisha kufagiwa hasahau. Sasa uzito wake: kwa msikiti utaona haya kudai malipo, na pengine hutaki kudai. Kwa wengine, mashine ya miaka sitini ukiifanyisha kazi kila siku, kaboni zako za kusugua zitakwisha nawe utakuwa unaiua kwa mkono wako. Ungehitaji moja ya kisasa ya kazi, na hizi za zamani zibaki kupumzika. Hilo nalo ni fedha ya kutafuta.

Ipo pia ile makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani. Kitu kinaweza kuazimwa kwa maandishi, kikabaki chako na kikaonekana na watu. Lakini huenda nafasi hawana, huenda wakaiweka stoo, na chumvi ya bahari haichagui stoo ya nani. Ungelazimika kwenda kuipangusa mwenyewe. Nimelitaja kwa sababu kitu kikiwekwa mahali kama pale huandikiwa kibao, na kibao kinahitaji jina la mwenye nacho na habari zake.

Hapo ndipo kalamu yangu ilipopiga mstari mzito kuliko yote.

Mfagizi wa Ohio umenipa habari zake zote. Jina lake kamili, mji wake, pumu yake, foronya yake, na uchungu wa jina lake kufunikwa na la mwingine. Unaumia kwa ajili yake na ninakupenda kwa hilo. Mama yako naye alikuwa mfagizi. Alifagia kwa mashine hiyohiyo unayoisukuma kwa kidole, na kwenye barua yako nzima nimepata kwamba alianza na miaka 17 na kwamba aliachiwa. Sijui nyumba ile ilikuwa na vyumba vingapi. Sijui nani alimfundisha kuiwasha, aliogopa au hakuogopa siku ya kwanza ilipoelea mbele yake. Sijui alilala wapi. Nahisi, na unisamehe kama nakosea, kwamba na wewe hujui.

Unasema walimwachia. Mwanangu, walimwachia kama zawadi, au ndiyo ilikuwa kiinua mgongo chake? Nauliza tu. Binti amefanya kazi miaka kadhaa, wenyewe wanafunga masanduku, anapewa mashine ya umeme aipeleke nyumba isiyo na umeme. Yawezekana yule bibi wa nyumba alimpenda akampa kitu chake cha thamani. Yawezekana pia kuna mshahara ambao haukulipwa. Mashine ni ileile, lakini kwa mwenye kuiweka chini ya kitanda, hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Na masikio. Unasema sauti inamshinda kwa sababu ya uzee, kisha unasema anapokimbilia ni barazani kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Nilisimama hapo. Mashine ya kusaga, baba, hainong'oni. Mzee anayekwepa kelele haendi kukaa pale. Inaweza kuwa kuna sauti nyembamba ndani ya ile mashine inayomchoma kuliko ngurumo ya kinu, wewe fundi unajua mambo hayo. Lakini inaweza pia kuwa ikiwaka tu, yeye ana miaka 17 na kuna mtu yuko chumba cha pili anasikiliza kama kazi inafanyika. Au inamkumbusha siku zake za nguvu na watu aliowapenda ambao hawapo tena, naye hataki umwone akilia. Sijui ni lipi. Wewe umechagua moja, la masikio, miaka yote hii, na umejenga juu yake.

"Uza tu, mimi sina haja nayo." Wazazi wetu husema hivyo wanapotaka kutupunguzia mzigo, na huwezi kujua kama wametoa au wamejinyima. Lakini husema hivyo pia wanapomaanisha hivyohivyo. Huenda mama alikujibu wazi kabisa, ila jibu lake halikufanana na mashine unayoipenda wewe. Unasema ukiiuza utakuwa umemwuza yeye. Ningependa ujue kwanza kama yeye anajiona yumo humo. Isije ikawa anayekaa ndani ya tufe lile ni kijana wa miaka 19 aliyefungua skrubu ya kwanza na kuona njia ya maisha yake. Kama ni yeye, basi naye ana haki, na ana uzito wake, ila asisemee kwa kinywa cha mama.

Kabla hujamjibu bwana wa Dar, siku moja alasiri, watoto wakiwa hawapo, kaa naye. Usiiwashe. Wala usimwulize uuze au usiuze, maana hilo ameshalijibu na atalijibu vilevile. Anaweza kukuambia hayo yamepita na kurudi kwenye mchele wake, ukaacha. Anaweza pia kukuambia jambo litakalokufanya usiitazame tena mashine ile kwa jicho lile la zamani, na hiyo ni hatari ya kweli, ujiandae nayo. Mpelekee kahawa. Mwulize tu kule shambani, asubuhi, alikuwa anaanza na chumba gani.